Mawe Yenye Uvungu na Itikadi Zetu

Himdi zote ni zake Mwenyezi Mungu, Muumba wa vilivyo dhahiri na vilivyofichika, na sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata uongofu wake.

Ama baada ya hayo. Ndugu kadhaa wametuuliza, katika darsa na nje ya darsa, juu ya mawe ambayo kwa nje hayana sura wala haiba, lakini yakipasuliwa huonekana ndani yake uvungu uliojaa vitu vya kung'ara mfano wa bilauri, vyeupe au vya rangi ya zambarau. Muuzaji humwambia mnunuzi kuwa jiwe hilo lina siri: huvuta riziki, huondosha hasadi, humtuliza mtoto asiyelala usiku, na likiwekwa mlangoni shetani hapiti. Wako wanaoongeza kuwa vile vya kung'ara vilichongwa na majini. Na bei hupanda kwa kadiri ya hofu ya mnunuzi. Basi tumeulizwa mambo matatu: jiwe hili ni kitu gani, je, lina nguvu hizo, na je, ni halali kuliuza na kulinunua?

Jambo la kwanza tutalirefusha, kwani mwenye kujua jiwe hili lilivyofanyika hatahitaji maneno mengi katika la pili. Wala pasiwe na mtu wa kusema kuwa karatasi ya dini haifai kuzungumza mawe. Katika Sura ya Fatir, Mwenyezi Mungu ametaja mvua na matunda ya rangi mbalimbali, kisha akataja majabali na mistari yake myeupe na myekundu na meusi ya kukoza, kisha watu na wanyama, na hapo hapo akaeleza kuwa wamchao kikweli katika waja wake ni wale wenye ilimu. Mwenye kudhani kuwa ilimu iliyokusudiwa pale ni milango ya udhu na tohara peke yake, na arudi aisome aya tangu mwanzo wake aone ilimu hiyo imetajwa baada ya vitu gani.

Jiwe hili Wazungu huliita jiodi, jina litokalo katika neno la Kiyunani lenye maana ya kitu kinachofanana na ardhi. Sisi twaweza kuliita jiwe lenye uvungu. Hufanyika kwa njia zaidi ya moja, lakini katika kila njia mna mambo mawili yasiyokosekana: kwanza uwazi ndani ya mwamba, na pili maji yanayoingia katika uwazi huo yakiwa yamebeba madini.

Njia iliyo mashuhuri ni ile ya mlima wa moto. Mlima unapotapika, ule ujiuji wa moto utokao chini ya ardhi huwa umechanganyika na mvuke na hewa. Tazama uji mzito jikoni unapotokota, jinsi mapovu yanavyopanda na kupasuka juu. Sasa chukulia kuwa uji huo umepoa ghafula na kuganda, na mapovu mengine hayakuwahi kufika juu. Yatabaki humo humo kama matundu. Hivyo ndivyo ilivyo katika jiwe jeusi liitwalo basalti. Matundu mengine ni madogo kama punje ya mtama, na mengine mtu aweza kuingia ndani akasimama.

Kisha huja kazi ya maji. Maji yapitayo katika miamba, khasa yakiwa na moto, huyeyusha kidogo kidogo kitu kiitwacho silika, nacho ndicho kitu ambacho kioo hufanywa kwacho. Maji hayo hupenya kwa nyufa nyembamba kama unywele, yakaingia katika lile tundu, yakaacha silika ukutani. Mama wa nyumbani haoni ajabu kwa hili. Birika linalochemshiwa maji ya kisima cha huku kwetu pwani hufanya ukoko mweupe ndani, na hapana aliyeutia ukoko huo kwa mkono wake. Ulikuwamo ndani ya maji, usioonekana. Tofauti ni kuwa ukoko wa birika hufanyika kwa miezi, na ule wa jiwe ni wa dahari nyingi.

Tabaka za kwanza zinazoshika ukutani huwa laini mno hata jicho halioni punje. Hiyo ndiyo akiki tunayoijua, yenye mistari inayofuatana kama maji ya bandarini yanavyoacha alama katika nguzo. Baadaye silika hujenga vijiti vyenye pande sita na ncha kali. Hizi ndizo fuwele, na jinsi yake ni kwatzi. Mwenye jiwe mkononi na aangalie jambo moja: ncha zote zimeelekea katikati. Hazina pengine pa kukulia, kwani nyuma yao ni ukuta na mbele yao ni uwazi. Lau zingalichongwa na jini au mwanadamu zingaliweza kuelekea popote. Na ile rangi ya zambarau, ambayo jiwe lake huitwa amethisto, sababu yake ni chembe chache mno za chuma zilizomo ndani ya kwatzi, zikabadilishwa na mnururisho hafifu utokao katika mawe ya jirani. Na maji yakiendelea na kazi yake hata tundu likajaa pia, basi hapana uvungu tena, na jiwe hilo haliitwi jiodi tena; huwa ni donge zima tu.

Jiodi za amethisto zinazouzwa sana ulimwenguni hutoka kusini mwa Brazili, katika jimbo la Rio Grande do Sul, na upande wa Artigas katika nchi ya Uruguay. Basalti ya huko ina umri wa zaidi ya miaka milioni 130, na hutolewa humo jiodi zinazozidi kimo cha mtu.

Njia ya pili haina moto wala volkano. Huko Marekani, pale zinapokutana Iowa, Illinois na Missouri, karibu na mji wa Keokuk kando ya mto Mississippi, palikuwa na bahari ya maji mafupi kiasi cha miaka milioni 340 iliyopita. Katika tope la chokaa la bahari hiyo mlifanyika madonge ya madini ya jinsi ya jasi. Maji yakayala madonge hayo polepole, na silika ikashika mahali pake kuanzia nje, ikabaki ganda gumu na uvungu ndani. Baadaye mvua na mito imeumomonyoa mwamba laini, na mipira hii migumu ikabaki ikiviringika katika vijito. Ni mingi kule hata jimbo la Iowa likaifanya jiwe lake rasmi mwaka wa 1967. Ziko jiodi za upande wa Niota, katika Illinois, ambazo zikipasuliwa hutoka ndani yake mafuta meusi ya ardhini. Na katika Hispania, mahali paitwapo Pulpí, mwaka wa 1999 ilionekana ndani ya mgodi wa zamani jiodi ya fuwele za jasi yenye urefu wa kiasi cha mita 8, na tangu 2019 watu huingia kuitazama.

Jiwe letu la matumbawe tujengealo nyumba pia lina matundu tele, lakini lisimdanganye mtu. Matundu yale yalikuwa maskani ya viumbe wadogo wa baharini, wala si jiodi.

Sasa mtu ataijuaje jiodi kabla ya kuipasua? Dalili ya kwanza ni umbo. Huwa mviringo au kama yai, na ngozi yake ni ya mavunduvundu mfano wa ua la koliflawa, tofauti na mawe yaliyo karibu nayo. Dalili ya pili ni uzito. Chukua mawe mawili ya ukubwa mmoja, moja mkono huu na jingine mkono huu. Lenye uvungu litakuwa jepesi. Dalili ya tatu ni kulitikisa karibu na sikio, kwani mara nyingine fuwele zilizokatika hugongana ndani, na mara chache husikiwa maji. Lakini dalili zote hizi ni za kudhania. Yakini haipatikani ila kwa kulifungua. Wajuzi hulipiga taratibu kwa patasi na nyundo wakilizungusha, hata ufa ukazunguka wote, na hufunika macho yao kwa miwani, kwani kibanzi cha kwatzi hukata kama wembe. Na ukitaka kujua kama fuwele ni kwatzi au ni madini ya chokaa, jaribu kuikwaruza kwa kisu cha chuma: kwatzi haikwaruziki, nayo hukwaruza kioo, ya chokaa hukwaruzika upesi.

Habari hii ya uzito si ugeni kwa Waislamu. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka wa 973, alipima vito kwa hewa na kwa maji, akapata kwa kila kimoja uzito wake hasa, hata ikawa yakuti haichanganyiki na kioo chekundu. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka wa 1037, alieleza kuwa mawe hufanyika ama kwa tope kukauka ama kwa maji kuganda. Watu hawa walisoma vitabu na wakasoma ardhi pia. Sisi tumebakiwa na fahari ya kuyataja majina yao, na mawe tumewaachia waganga!

Tuje katika jambo la pili. Huyo al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vito, na katika zama zake watu waliamini, na wenye vitabu walinakiliana, kuwa nyoka akiitazama zamaradi macho yake hupofuka. Yeye hakusema ndiyo wala siyo. Akamtafuta nyoka, akamvika mkufu wa zamaradi, akamtandikia zamaradi, akamtikisia zamaradi mbele ya macho yake, na akaendelea hivyo muda wa miezi 9, katika joto na katika baridi. Nyoka hakupofuka. Basi nawaombeni, ndugu zangu, kila mwenye jiwe la kuvuta riziki na ajiulize: huyo anayeliuza analo sanduku zima la mawe hayo, mbona riziki yake ingali yatoka mifukoni mwetu?

Na kama hoja ya nyoka haitoshi, iko hoja iliyo kubwa kuliko hiyo. Jiwe tukufu mno kwa Muislamu katika dunia nzima ni lile Jeusi lililo katika pembe ya Kaaba. Sayyidna Umar (R.A.) alilijia, akalibusu, na akasema mbele ya watu kwamba anajua kuwa hilo ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau hakumwona Mtume (S.A.W.) akilibusu, naye asingelibusu. Maneno hayo yamo katika Bukhari na Muslim. Ikiwa jiwe la Kaaba lasemwa hivyo na Umar, je, jiwe lililochimbwa Brazili likapitia kwa madalali watatu litakuwa na la kutufaa? Na katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwa Uqba bin Amir kuwa Mtume (S.A.W.) alimhisabu mwenye kujivika hirizi kuwa amefanya shirki. Hirizi haitazamwi kama ni ya ngozi au ya karatasi au ya jiwe. Hutazamwa moyo wa aliyeivaa umeegemea wapi.

Hapa najua kuna watakaotujibu kwa pete ya akiki, na wana haki ya kujibiwa, kwa kuwa akiki ni ndugu wa jiodi, tumbo moja. Akiki imekuwa ikija katika pwani hii karne nyingi sana. Mafundi wa Khambhat, katika Gujarat, waliichonga shanga na vito, na vyombo vikazileta kwa pepo za kaskazi. Shanga za akiki zimefukuliwa katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, na katika Kilwa. Akiki hiyo asili yake ni matundu ya basalti ya Bara Hindi, iliyotapikwa na ardhi kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Na ule wekundu tunaousifu, mara nyingi hukolezwa na fundi mwenyewe kwa kulibanika jiwe motoni, chuma kilichomo ndani kikageuka rangi. Hakuna siri nyingine.

Ama Mtume (S.A.W.) kuvaa pete, ni kweli. Anas (R.A.) amepokea, katika Sahihi Muslim, kuwa pete yake ilikuwa ya fedha na kito chake cha Kihabeshi, na baadhi ya wanavyuoni wamesema yumkini kito hicho kilikuwa akiki. Lakini tazama alivaa kwa haja gani. Alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kuwa wao hawaipokei barua isiyo na muhuri, ndipo ikafanywa pete yenye kuandikwa jina lake. Ilikuwa ni chombo cha kazi ya dola. Na zile hadithi zisomwazo kuwa akiki ina baraka na huondosha ufukara, Imam al-Uqayli amesema kuwa katika mlango huo hapana lililothibiti kwa Mtume, na Ibn al-Jawzi amezitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Basi mwanamume avaaye pete ya fedha yenye akiki kwa pambo, hatumkatazi, na huenda tukamsifu kwa uzuri wake. Aivaaye kwa kuogopa ufukara, huyo ndiye tunayesema naye.

Wako pia, upande wa pili, watakaotaka kutuambia kuwa jiodi imetajwa katika Kurani, kwa ile aya ya 74 ya Sura ya Al-Baqara, ambapo Mwenyezi Mungu amesema habari ya nyoyo zilizokuwa ngumu kama mawe au zaidi, akaeleza kuwa katika mawe yako yatokayo mito, na yako yapasukayo yakatoka maji, na yako yaangukayo kwa kumcha Yeye. Sisi hatuwafuati katika hilo. Aya haikuja kufundisha madini. Imekuja kuwakemea watu walioona ishara kisha wasilainike, na jiwe limetajwa hapo ili kuwatahayarisha. Kuigeuza kuwa tangazo la jiwe fulani ni kuikimbia kemeo lake.

Limebaki jambo la biashara, na hili ndilo lenye kuhitaji uangalifu zaidi, kwa sababu walionunua ni wengi.

Kuuza jiodi iliyokwisha kupasuliwa, kwa pambo la nyumba au kwa kusomeshea watoto, ni halali kama kuuza kombe la baharini. Sharti ni ukweli. Na udanganyifu umejaa katika soko hili. Ziko jiodi hasa za Moroko zilizotiwa rangi ya kukoza, au zilizogandishwa kwa gundi vipande vya madini meusi ya risasi ili zing'are. Iko amethisto iliyotiwa katika moto wa digrii zaidi ya 400 ikageuka njano, ikauzwa kwa jina jingine. Iko akiki iliyolowekwa katika maji ya sukari kisha katika asidi kali ikawa nyeusi; na katika Ujerumani, mji wa Idar-Oberstein, kazi ya kutia akiki rangi imekuwa ufundi mashuhuri tangu karne ya 19. Kutia rangi si haramu kwa nafsi yake. Haramu ni kunyamaza. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta umaji ndani, mwenyewe akasema kuwa limenyeshewa. Akamuuliza kwa nini asiuweke ule ulioloa juu, watu wauone, na akamtoa mwenye kughushi katika jamii yake. Basi mwenye kununua jiwe kwa kuambiwa kuwa rangi yake ni ya asili, kisha pamba iliyotiwa spiriti ikatoka na rangi hiyo, ana haki ya kulirudisha na kudai fedha zake.

Na je, jiodi ambayo haijapasuliwa, inayouzwa kwa bahati, huyu apate amethisto na yule apate jiwe tupu? Imepokewa katika Sahihi Muslim kwa Abu Huraira kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya kurusha kijiwe na biashara yenye gharari, yaani kununua kisichojulikana. Mtu aweza kujibu: mbona twanunua yai na komamanga hatujui ndani? Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamelieleza hilo: kuona nje kwatosha katika vitu hivyo, kwa kuwa nje yake hujulisha ndani yake, na ganda ndilo linalovihifadhi. Jiodi si hivyo. Ganda lake halihifadhi cha kuoza, na tumekwisha kusema kuwa nje yake haitoi yakini. Mimi naona hivi, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi: ikiwa yauzwa kwa bei ya jiwe, mnunuzi akaridhika nalo hata likiwa zima, hapana ubaya. Ikiwa bei imepandishwa kwa matumaini ya kilichomo ndani, na watu wakawa wanashindana kukisia, hiyo ni kamari, hata mezani pakiwa na mawe badala ya karata.

Na aliyeuza mawe haya kwa kuwahofisha watu majini na hasadi, mali hiyo ameila kwa batili. Toba yake ni kuirudisha kwa wenyewe. Asiowajua tena, awatolee maskini kwa niaba yao.

Aliyenunua asilivunje jiwe wala asilitupe baharini kwa hofu. Kulihofu ni itikadi ile ile kwa upande wa pili. Alifungue uzi uliofungwa, aliondoe chini ya mto wa mtoto, aliweke rafuni kama pambo. Mtoto asiyelala apelekwe kwa daktari. Na mwenye jiwe asilolijua ndani yake, na alilete darsani Alkhamisi baada ya Isha. Patakuwa na patasi na nyundo, na miwani ya kufunika macho.